Kushusha Bila Kuharibu

Nilizaliwa mwaka wa 1966 katika landi za reli mjini Eldoret. Baba alikuwa fita wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na kwetu kulikuwa chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyofanana, Mluhya huku, Mjaluo kule, Mkamba mbele, Mnandi nyuma, sote tukigombana na kupatana kwa Kiswahili. Reli ilifika mji huu 1924, na watu wa reli walikuwa na elimu yao ambayo haikufundishwa shuleni: walijua kusoma chuma. Baba akitoka karakana alikuja na bolti iliyokatika mfukoni, akanipa niitazame penye mkato. Bolti iliyokatika kwa kishindo kimoja huwa na chembechembe uso mzima. Ile iliyochoka huwa na sehemu laini yenye mistari ya upinde, mmoja nyuma ya mwingine, na pembeni kipande kidogo kikali kilichokatika mwisho.

"Hii haikukatika leo," aliniambia. "Ilianza zamani. Leo imemaliza tu."

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika likagawanywa na baba akawa mtu wa Reli za Kenya. Kazi ilibaki ile ile, mshahara ukachelewa zaidi. Mimi nilikuwa na akili ya darasani ya wastani na mikono isiyotulia. Wakati wa Pasaka magari ya Safari Rally yalipopita pande zetu, wavulana wa landi tulitoka alfajiri kwenda kuyangoja barabarani. Hiyo ilikuwa miaka ya Shekhar Mehta, aliyeshinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun. Wenzangu walimtazama dereva. Mimi nilipenda zaidi pale gari liliposimama na mafundi wakaingia chini yake, wakatoa shokomzoba zilizovuja mafuta, moto kiasi cha kushikwa kwa matambara, wakaweka mpya na gari likaondoka kabla vumbi halijatua. Niliona kwamba injini inaweza kuwa nzima, dereva hodari, na gari bado likafia shimoni kwa sababu ya kile kinachobeba uzito.

Mwaka wa 1983 baba alinipeleka kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa na gereji ya pikipiki katikati ya mji. Nilianza kwa kufagia, nikaendelea hadi kuosha vipuri kwa petroli, kisha nikaruhusiwa kushika spana. Siku hizo mtu wa kawaida hakuwa na pikipiki. Wateja wetu walikuwa maofisa wa serikali, mapadri, na wafanyakazi wa mashirika: Yamaha AG100 na DT, Honda XL. Niliyempenda zaidi ni bwana ng'ombe, aliyezunguka mashamba ya Uasin Gishu akipandisha ng'ombe wa maziwa kwa mrija. Nyuma ya pikipiki alifunga mtungi wa nitrojeni ya maji uliohifadhi mbegu. Mtungi ule haukutaka kugongwa. Alikuja kila baada ya mvua za masika akilalamika kwamba pikipiki inaruka, na mwalimu wangu hakugusa chombo chochote kabla ya kumwambia apande, akae kama anavyokaa barabarani, na mtungi uwe mahali pake.

Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza la shoki. Pikipiki ikining'inia bila uzito, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama uliyoiweka kwenye bodi juu yake. Mwenyewe apande na mizigo yake, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi ambacho springi imejinyonga kabla ya safari kuanza. Ikiwa ni kama theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, basi iko sawa: theluthi mbili zimebaki za kumeza mashimo, na theluthi moja ya kulifuata gurudumu linapotumbukia. Ikizidi sana, pikipiki itagonga mwisho. Ikipungua sana, itamrusha aliyeipanda.

Somo la pili lilikuja siku kijana mmoja alipoleta pikipiki ambayo springi zake za nyuma zilikuwa zimekatwa kwa msumeno, mizunguko miwili kila upande, ili kiti kishuke. Alishangaa kuwa ilikuwa imeshuka na bado inampiga mgongo. Kalasinga alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika ambacho hakikuacha kitu nyuma. Springi ni waya unaojinyonga. Mzunguko mmoja ukibeba uzito hujinyonga kidogo, na mizunguko kumi hujinyonga mara kumi ya hapo. Ukikata miwili, iliyobaki ni minane. Uzito ule ule sasa unaipata springi ngumu zaidi. Umefupisha mwendo na kuongeza ugumu kwa mkato mmoja, na ncha uliyoiacha haikai bapa kwenye kikombe chake. Wengine huipasha springi moto wa gesi mpaka ikae chini yenyewe. Hao wameharibu ule ugumu ambao kiwanda kiliutia chumani kwa joto lililopimwa, na itaendelea kukaa chini kila mwezi.

"Kijana," alimwambia, "springi iliyokatwa hairudi. Nunua nyingine."

Nilimkumbuka baadaye kwa neno hilo "hairudi" kuliko kwa mafunzo yote ya injini.

Nilifungua kibanda changu mwenyewe 1991, upande wa Huruma, mabati manne na vaisi moja. Kwa muda mrefu nililishwa na AG100 za mashirika na wasafiri wachache wa mbali. Wazungu waliovuka Afrika kwa pikipiki walipitia mji huu wakielekea Uganda, na kuanzia miaka ya 2000 wengi wao walipiga kambi Naiberi, kwenye barabara ya Kaptagat. Walinifikia kwa sababu mtu wa lango aliwaambia kuna fundi anayesoma kitabu cha mashine kabla ya kuifungua. Kwao ndiko nilikoona kwa karibu viungo vya shoki moja ya katikati, namna ambayo gurudumu halisukumi shoki moja kwa moja bali kupitia vipande vinavyobadilisha nguvu njiani. Nilivichora katika daftari la shule. Michoro ile ilikaa miaka mingi bila kunipa hata shilingi.

Mapema 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba, mji ulipoungua, kibanda kilivunjwa na vifaa vikaenda. Sina mengi ya kusema juu ya hilo ambayo wengine hawajayasema kwa uchungu mkubwa kuliko wangu. Mimi nilipoteza vyuma. Nilianza upya na spana za kuazima, na bahati ikawa kwamba wakati huo huo serikali ilikuwa imeondoa VAT kwenye pikipiki ndogo zisizozidi 250cc. Bodaboda ikalipuka. Pikipiki za Kichina, kisha Bajaj Boxer na TVS, zikajaa kila kona kutoka Langas hadi Maili Nne, na fundi yeyote aliyejua kushika plagi alipata kula.

Kazi ya bodaboda ilikuwa kinyume cha hii ya kushusha ninayotaka kuieleza. Hakuna aliyetaka pikipiki ishuke. Gunia la mahindi la kilo 90 nyuma, wakati mwingine mawili. Mikebe ya maziwa asubuhi. Abiria watatu na mbuzi. Walitaka iinuke na ibaki juu. Tulichomelea vyuma vya kuimarisha mkono wa gurudumu la nyuma, tukaweka springi nene, na wengine wakaongeza jozi ya pili ya shoki kando ya ile ya kwanza. Nilifundishwa na kazi ile mambo ambayo kitabu hakina. Ukiimarisha shoki, nguvu iliyokuwa ikimezwa hapo huenda kutafuta mahali pengine: fremu hupasuka chini ya kiti, rimu hupinda, spoki hulegea. Niliwaambia vijana wangu kibandani kwamba uzito hautoroki. Ukiufukuza hapa, nenda ukaungoje pale utakapotokea.

Halafu, kuanzia kama 2015 hivi, zikaanza kuja pikipiki kubwa za safari zilizotumika. Watu wenye mshahara waliona wenzao wa Nairobi wakija wikendi kuteremka Iten hadi bonde la Kerio, nao wakataka. Mashine zile zilitengenezewa watu warefu wa nchi nyingine. Suzuki V-Strom 650 ya kizazi cha 2012 ina kiti cha milimita 835 kutoka ardhini na uzito wa kilo 214 ikiwa na mafuta. BMW F800GS ni milimita 880. Kuendesha si tatizo. Tatizo ni kusimama. Kwenye tope la Kapseret au kwenye mteremko wenye kokoto, mguu ukikosa ardhi kwa upana wa vidole viwili, kilo zote hizo zinalala ubavu, na kioo kimoja na kishikio cha breki vinagharimu mshahara wa wiki.

Aliyenifungulia kazi hii alikuwa muuguzi wa hospitali ya rufaa. Alikuja na V-Strom, amevaa buti na koti zito, na alikuwa mfupi. Alikuwa akienda Kitale kumwona mamake karibu kila mwisho wa mwezi, kupitia Soy na Moi's Bridge, na masanduku mawili nyuma.

"Fundi, nimeambiwa wewe huogopi kusema hapana," alisema.

"Inategemea swali, sista."

"Nina 15,000. Nataka ishuke, na nisife."

Alikuwa tayari ameipeleka gereji nyingine. Huko walizungusha kile kifundo cha pembeni kinacholegeza mkazo wa springi hadi mwisho, wakampa pikipiki iliyokuwa imeshuka kweli ikiwa imesimama. Kwenye matuta ya barabara ya Kitale ilikuwa inagonga chini kwa kishindo. Nilimkalisha juu yake pamoja na masanduku, nikapima. Karibu nusu ya mwendo wa gurudumu ilikuwa imeshaliwa akiwa ametulia uani. Nikarudisha mkazo unaomfaa, tukawa tumepoteza hata kile kidogo alichokuwa amepewa, naye akanitazama kama mtu aliyeibiwa mchana.

Nilimweleza kwamba kulegeza springi ni kukopa mwendo ambao utauhitaji shimoni. Kushusha kwa haki ni kuacha springi na shoki zifanye kazi yake yote, ila mashine nzima ianze kazi hiyo ikiwa karibu na ardhi. Seti ya viungo vya kuagizwa ng'ambo, pamoja na usafiri na ushuru, ingemaliza pesa yake kabla sijafungua nati. Kwa hiyo tuligawanya. Nilimwambia tunahitaji milimita 40, na hatutazitoa mahali pamoja.

Milimita 15 zilitoka kwenye kiti. Tulitoa ngozi yake kwa fundi wa makochi, akapunguza sponji kwa kisu kirefu na kuisawazisha kwa msasa. Zaidi ya kina, nilimwagiza apunguze upana pale mbele, penye mapaja. Kiti kipana kinapanua miguu na kuifupisha, na watu wengi wanaodhani pikipiki ni ndefu wanazuiwa na upana. Hapo tulipata vidole viwili kabla ya kugusa chuma chochote.

Zilizobaki zilitoka kwenye viungo vya nyuma na foki za mbele, tukaanza na nyuma. Kwenye mashine ile, vipande viwili bapa, kimoja kila upande, vinaunganisha viungo vya shoki. Vikiwa virefu zaidi, gurudumu linapanda ndani ya bodi na mkia unashuka. Vikiwa vifupi, unainuka. Kuna pikipiki ambazo ni kinyume, kwa hiyo kabla ya kukata nilitengeneza jozi ya majaribio, nikaifunga pikipiki ikiwa juu ya stendi na kuisogeza kwa jeki, nikisoma rula ya chuma. Kila milimita niliyoongeza kwenye kipande ilizaa zaidi ya mbili kwenye gurudumu. Hiyo ndiyo hatari ya kazi hii: anayekadiria kwa macho hapa anakosea mara mbili kule.

Vijana wangu walitaka tutumie springi bapa ya lori, kwa kuwa ni chuma kigumu na inapatikana bure kwa wauza skrepu. Nilikataa. Chuma kile kimetiwa ugumu kwa joto. Hakitobolewi kwa urahisi bila kupashwa moto, na ukikipasha hujui tena ulichobaki nacho. Kikishindwa, hukatika bila taarifa. Vipande hivi huvutwa, havisukumwi, na chuma laini cha kawaida cha unene wa milimita 8 kinatosha, tena kikizidiwa hurefuka na kupinda kabla ya kukatika. Fundi anayeangalia atakiona. Tulivibana viwili pamoja na kuvitoboa kwa mkupuo mmoja ili matundu yasitofautiane hata kwa unywele, maana kimoja kikizidi kingine, kile kifupi hubeba mzigo wote. Mkereza vyuma alimalizia matundu, nikalainisha kingo zote kwa tupa. Ufa huanza kwenye kona kali. Hilo nilipewa na baba.

Bolti zilibaki zile zile za kiwanda. Hapa ndipo nilipogombana na bajeti yangu mwenyewe, kwa sababu moja ilikuwa na kutu na duka la vyuma lilikuwa na ya kufanana kwa bei ya soda. Kichwa chake hakikuwa na nambari. Bolti ya kazi kama hii huandikwa 10.9 kichwani, au angalau 8.8, na isiyo na maandishi ni ya kufungia geti. Niliisafisha ile ya zamani, nikaitazama kwa kioo cha kukuza, nikaona iko nzima. Nati nilinunua mpya, zile zenye pete ya nailoni. Tulipofungua beringi za viungo tukazikuta kavu, zimeshika vumbi jekundu la miaka mingi. Pesa niliyokuwa nimeiweka akiba ikaingia hapo, nikaziweka mpya na grisi ya kutosha. Pikipiki ingeweza kushuka bila beringi hizo, lakini isingekuwa imeshuka vizuri.

Vipande vilipokuwa tayari, kazi nyingine ndiyo ilianza. Ukishusha nyuma peke yake, mbele inakuwa imeinua kichwa: usukani unakuwa mzito kugeuka na gurudumu la mbele linaonekana kama halitaki kusikia. Nilishusha nyuma milimita 30 na nikazipandisha nguzo za foki ndani ya vishikio vyake milimita 20, nikahakikisha madigadi ya mbele haifiki kwenye rejeta foki ikijibana yote. Kiti kiko kati ya magurudumu mawili, kwa hiyo hesabu hizo zilinipa kama 25 pale anapokaa, na pamoja na sponji tukafika 40.

Nikatoa springi kwenye shoki na kuirudisha shoki bila springi, nikabandika vipande vya udongo wa kuchezea wa watoto ndani ya madigadi ya nyuma, nikainua gurudumu kwa jeki hadi mwisho wa mwendo wake. Alama ya tairi kwenye udongo iliniambia nafasi iliyobaki. Ilitosha. Ingekuwa tairi limefika kwenye plastiki, ningefupisha vipande hata kama mteja ameshalipa, kwa sababu tairi likigusa bodi kwenye kona ya kasi halisikilizi mkataba.

Stendi ya pembeni ikawa ndefu. Pikipiki iliyoshuka hukaribia kusimama wima juu ya stendi ya zamani, na upepo wa lori moja unatosha kuilaza upande wa pili. Niliivua kabisa, nikaikata, nikaingiza kipande cha chuma ndani na kuichomelea mezani, mbali na mashine. Kuna vijana huchomelea stendi ikiwa kwenye pikipiki, na umeme wa kuchomelea hupita kwenye kompyuta ya injini. Mnyororo niliupima upya, kwa kuwa mkono wa nyuma ukibadilisha pembe, ulegevu nao hubadilika. Jioni tukaielekeza taa ukutani na kuiteremsha, maana mkia ulioshuka zaidi ya mbele hupandisha mwanga hadi machoni pa wanaokuja.

Hesabu nilimwandikia hivi: chuma na mkereza 2,500, kiti 3,000, nati na grisi 1,200, stendi 800, beringi 2,500, mikono yangu 5,000. Jumla Sh15,000. Hakukuwa na shilingi iliyoenda kwenye urembo. Vipande vilitoka kibandani vikiwa na rangi ya kuzuia kutu tu, na kijana mmoja alinung'unika kwamba havipendezi.

Niliipeleka mwenyewe hadi Iten, kisha nikateremka Tambach. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na barabara ile inapinda na kupinda ukutani mwa bonde hadi joto la Kerio likupige usoni. Ni barabara isiyoficha kasoro. Usukani uliitika, springi ilibeba, na kwenye kona mbili kali kigingi cha mguu kilikwaruza lami mapema kuliko nilivyozoea. Nilimwambia sista hivyo alipokuja kuichukua: umepata ardhi chini ya buti, umepoteza pembe ya kulala kwenye kona. Apunguze mwendo Tambach, na asipande ukingo wa barabara kama anavyofanya mwenye DT. Nikampa mfuko wa nailoni wenye vipande vya kiwanda vilivyopakwa mafuta, na karatasi yenye vipimo vyote: urefu wa zamani na mpya, foki ilikokuwa na ilipo, mkazo wa springi kwa uzito wake.

"Vya kazi gani hivi?" aliuliza kuhusu mfuko.

"Vya yule atakayeinunua kwako."

Baada yake walikuja wengi. Mwalimu wa Kapsabet mwenye KLR; mchungaji; mkulima wa Moiben aliyetaka mkewe aweze kuendesha pia. Nilijifunza kuanza na yale yasiyo na gharama. Kusimama kwa mguu mmoja, nyonga zikisogezwa upande mmoja wa kiti na mguu wa pili ukibaki kwenye breki, ni ufundi ambao mtu huupata uwanjani kwa asubuhi moja. Fundi wa viatu akiongeza soli ya milimita 20 kwenye buti, umeshusha pikipiki yoyote duniani bila kugusa bolti. Wengine waliishia hapo na nikawatoza chai. Kijana mmoja alitaka milimita 80 kwa sababu ya picha aliyoiona. Nilimwonyesha udongo ndani ya madigadi, pale tairi litakapopita, nikamwambia anunue pikipiki fupi. Royal Enfield Himalayan ya wakati huo ilikuwa na kiti cha milimita 800. Alikwenda kwingine akakatiwa springi.

Naulizwa kwa nini najali sana kwamba kazi iweze kurudishwa. Mtu wa pesa kidogo ndiye anayehitaji kurudi nyuma kuliko tajiri. Tajiri akiharibu shoki ataagiza nyingine. Muuguzi, mwalimu, mkulima, amewekeza akiba ya miaka ndani ya mashine moja, na siku ya kuiuza ndiyo siku ya kupata ada ya shule. Sista alipohamishwa kazi aliiuzia V-Strom yake mtu mrefu wa Kitale. Mnunuzi alikuja kwangu na ule mfuko na ile karatasi, na kabla jua halijazama pikipiki ilikuwa imerudi milimita 835, stendi ikiwa imerefushwa tena na kiti kimeongezewa sponji. Hakuomba apunguziwe bei, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichokatwa kisichorudi. Vile vipande vyangu nilivichunguza kwenye matundu na kwenye kingo, nikaviona havina ufa, lakini sikuvifunga kwenye pikipiki nyingine. Viko ukutani na tarehe zake, vya kufundishia.

Agosti 15, 2024 Eldoret ikatangazwa jiji, na mimi nikiwa na miaka 58 magoti yangu yakatangaza yao. Sasa nakaa zaidi ya ninavyoinama. Kazi ya chini imechukuliwa na msichana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka Eldoret National Polytechnic na hakuondoka. Ana macho ya baba yangu: akipewa bolti hutazama kichwa kwanza, halafu shingo, kisha ndiyo nyuzi. Daftari la michoro ya wasafiri wa Naiberi liko kwake, na ameongeza kurasa kuliko nilizochora mimi.

Wiki iliyopita aliingia bwana mmoja na Africa Twin, ameshika shilingi 20,000 mkononi, anataka grainda ipite kwenye springi leo leo, ana safari ya Turkana. Msichana alimkalisha juu ya pikipiki, akapima, akamwomba asimame kwa mguu mmoja. Akafungua kiti na kukiweka kwenye ngazi ya chini, kwa kuwa mashine ile inazo ngazi mbili na hakuna aliyewahi kumwambia. Akamwandikia jina la fundi wa viatu. Bwana yule alikuwa bado ameshika noti zake.

"Kwa hivyo hutaki pesa yangu?"

"Naitaka," alimjibu, akipangusa mikono. "Nipe 500 ya kupima. Nyingine nenda nayo ukanunue tairi la nyuma, hilo lako limeisha."